Mlolongo wa Maji wa Kiandege

"Wamemnunua," alisema Gathoni, ameegemea ua wa mabati unaotenganisha kibanda chake cha viazi na nyumba za askari. "Mama Ajiambo, mimi nakuambia, yule shosho Wachuka amenunuliwa. Maji yetu ameyauza, na bei hatuambiwi."

Benter Apondi alizidi kusugua. Alikuwa anafua nepi kwa maji yaliyokwisha kuosha viazi, yakaosha vyombo, na sasa yalikuwa mazito kiasi kwamba mkono ukizama hauonekani. Mtoto wake, Ajiambo, alikuwa amelala mgongoni, shavu limemganda mamake kwenye uti wa mgongo.

"Amenunuliwa na nani?"

"Si Ngatia? Nani mwingine hapa Kiandege yuko na kitu cha kununua mtu? Wewe hukuwa kwa baraza Ijumaa?"

"Nilikuwa."

"Basi uliona na macho yako. Mtu anaitwa mbele asimamie maji. Badala ya kupaza sauti awaite watu, anajifunika shuka usoni, anainamia miguu yake kama mwizi wa kuku. Ati amechoka! Hakuna aliyechoka hapa kunishinda, na mimi bado nimesimama. Huyo alikuwa anaona aibu ya kitu amekula." Gathoni akaokota kiazi kilichooza, akakinusa, akakirushia mbuzi. "Wacha niseme tu. Mungu ananisikia."

Mungu alikuwa anasikia, na mke wa koplo aliyekuwa akianika nguo upande wa pili alikuwa anasikia pia. Kufika jioni kambi nzima ya chifu ingekuwa imesikia.

Neno lile lilimkaa Benter kifuani kama tonge la ugali mbichi. Maana Wachuka, bibi ambaye watu walimwita shosho, ndiye aliyempokea. Benter alipoletwa Kiandege na mumewe, Wandera, askari wa chifu, alikuwa na mimba kubwa na neno moja tu la Kikuyu, nalo la kusalimia. Kwao Ugenya maji hubebwa kichwani. Hapa wanawake walibeba mitungi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, macho yanatazama chini njia nzima. Walipomwona anapanda kutoka mto Amboni na mtungi juu ya kichwa, mikono inaning'inia tu, walicheka mpaka wakaketi. Wachuka hakucheka. Alimwonyesha njia ya kuteremkia isiyo na utelezi, akamwonyesha na mahali pa kuchota, juu kidogo ya pale ng'ombe wanaponyweshwa. Mtoto alipozaliwa, alimletea maji mlangoni kila asubuhi, akayaweka, akaenda zake bila kungoja asante. Ni siku Benter aliporudi mtoni, mtoto mgongoni na mtungi kichwani, ndipo yule mama mzee alipocheka.

"Wewe ni basi la Nanyuki," alimwambia. "Abiria ndani, mizigo juu ya keria."

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ndogo. Kamba ya mtungi ilikuwa imemchimbia bonde kwenye paji la uso, na bonde hilo halikufichika hata Jumapili alipojifunga kitambaa cha kanisa. Usichanani alichuma pareto kwa mzungu aliyekuwa mwenye mashamba haya, yule aliyekuwa na ndege ndogo, ambaye uwanja wake wa kutua ndio ulioacha jina la Kiandege. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni alichimba handaki kandokando ya msitu, kwa amri, jembe moja na wenzake wawili. Uhuru ulipokuja akaambiwa sasa ni kuchangia, akachangia. Alitoa kuku kwa harambee ya shule, akatoa kuku kwa harambee ya ofisi ya chifu, akatoa kuku kwa harambee ya kanisa, na kila kuku alipigwa mnada, akanunuliwa na Ngatia, watu wakapiga makofi. Majengo yote yalisimama. Maji yakabaki mtoni.

Kwa hiyo mwaka huu chifu alipotangaza kwamba kaunti kaunsil imetenga pesa za mradi mmoja katika lokesheni, na kwamba serikali inataka wananchi wachague wenyewe badala ya kuchaguliwa na wakubwa wa Nyeri mjini, Wachuka alivaa viatu vyake vya Jumapili akazunguka nyumba kwa nyumba. Bomba kutoka juu msituni, mfereji mmoja wa kuchotea kando ya shule, basi, hakutaka kingine. Wanawake walisema ndiyo kabla hajamaliza. Wanaume nao walisema ndiyo, kwa kutikisa kichwa, wakiangalia ng'ombe au wakiangalia paa, yeye hawamtazami. Benter alimsindikiza siku moja, akadhani ile ni dharau.

Ngatia, mwenye duka, alitaka josho la kuogeshea ng'ombe. Ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa mengi, walikuwa wanakufa kwa kupe, na hata wa watu wengine walikuwa wanakufa. Hoja yake haikuwa mbaya. Maziwa ndiyo yalilipa karo.

Miaka yote watu wa Kiandege walichagua mambo yao kwa kelele. Chifu anauliza, watu wananguruma, upande ulionguruma zaidi umeshinda. Wanawake wa Wachuka walikuwa wamejiandaa kunguruma. Lakini Ijumaa ile, pale kwenye uwanja wa ndege wa zamani, chifu alipanda juu ya meza akiwa na jambo jipya.

"Uchaguzi unaokuja hata wabunge watachaguliwa kwa mlolongo," alisema. "Sisi hatutangoja. Bwana Ngatia, simama hapa, wewe ni josho. Mama Wachuka, simama kule, wewe ni maji. Kila mtu ajipange nyuma ya kile anataka. Na mshikane mabega! Sitaki mtu wa kurukaruka kama panzi, ahesabiwe huku, halafu ahesabiwe kule."

Benter alishika bega la mwanamke wa mbele yake, mtoto analia, vumbi linawaingia puani. Aliona vizuri. Mathenge, kijana aliyemwoa kitindamimba wa Wachuka, alitoka kwenye kundi la wanaume akaja moja kwa moja upande wa maji, na nyuma yake wenzake wengi. Alipokaribia akasimama. Akaishusha kofia usoni, akageuka kama mtu aliyesahau kitu, akaenda zake kwenye josho. Wenzake wote wakamfuata. Hapo ndipo Wachuka alipovuta shuka hadi machoni akainamisha kichwa. Hakumwita mtu. Mlolongo wa josho ulirefuka hadi ukafika kwenye ua wa shule. Wa maji ulikuwa wa wanawake, na wazee wachache ambao labda hawakusikia wamepangwa wapi.

Baada ya baraza wanawake waliokota mitungi waliyokuwa wameilaza kwenye nyasi, wakateremka mtoni kama siku yoyote.

*

Jioni ya maneno ya Gathoni, Wandera alirudi na habari. Alivua buti, akanyoosha miguu kuelekea jiko la makaa.

"Afisa wa tarafa amekuja leo," alisema. "Amemuuliza chifu swali moja tu. Josho hujazwa maji. Hayo maji yatatoka wapi?"

Benter akaacha kukoroga uji. "Chifu akasemaje?"

"Chifu akamwangalia Ngatia. Ngatia akasema hiyo si shida, wanawake watachota kwa zamu. Harambee. Kila nyumba mtungi mmoja asubuhi na mmoja jioni, mpaka josho lijae."

Benter alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anajikuna kidole cha mguu.

"Na afisa akakubali?"

"Amesema watu wenyewe waseme. Ijumaa kuna baraza tena, mlolongo vilevile. Wakisimama na josho, basi na zamu ya kuchota wameikubali."

Uji ulianza kuchemka, Benter akarudia kuukoroga. "Josho ni kubwa namna gani?" aliuliza.

"Ng'ombe anaogelea ndani."

"Baba Ajiambo, na sisi hapa ni nyumba?"

"Ni nyumba." Wandera alivuta kigoda karibu na moto. "Lakini usijiingize. Siku ile ulisimama huko nyuma kabisa, hiyo ni sawa. Mimi mkate wangu uko kwa chifu, na sisi ni wageni. Kesho naweza kuambiwa kunja godoro uende Mwea."

Benter hakubishana. Hata ubishi unataka nguvu, na zake zilikuwa zimebaki kwenye kile kilima cha mtoni. Alimimina uji, akampulizia mtoto kijiko cha kwanza, akafikiri juu ya ng'ombe anayeogelea.

*

Asubuhi aliteremka amekusudia kumkwepa Wachuka, akamkuta mbele yake njiani, mtungi mtupu unagongagonga mgongo. Benter akapunguza mwendo.

Mathenge alikuwa anapanda, anasukuma baiskeli iliyobeba madebe ya maziwa ya kupeleka sokoni Chaka. Njia ni nyembamba hapo, michongoma huku na huku. Alipomwona mama mzee, kijana yule aliiachia baiskeli ikaanguka, maziwa yakaruka kwenye vifuniko, na mwenyewe akaingia ndani ya miiba uso kwanza, kofia mkononi, akabaki hapo kama mtu anayesoma majani. Wachuka alivuta shuka hadi machoni, akapita ukingoni kabisa mwa upande wa pili. Walisalimiana kwa sauti za upole, mmoja anasalimia mchongoma, mwingine anasalimia mawe ya njia. Mama mzee alipokwisha kupita, kijana alijichomoa, mashavu yote mikwaruzo, akaanza kuinua baiskeli yake.

Ndipo akamwona Benter, uso ukamchanuka.

"Aa, mama askari! Huyu mtoto amenona hivi, mnamlisha posho ya chifu?" Akamjia karibu, akamfinya Ajiambo shavu, akamgonga Benter begani kwa utani, akaenda zake akipiga mluzi.

Benter alisimama pale pale, mkono umeenda wenyewe juu ya bega lililogongwa. Akaikumbuka ile kofia iliyoshushwa uwanjani. Akakumbuka na shuka, na wale wanaume waliosema ndiyo huku wanaangalia paa.

Alimkuta Wachuka amepiga magoti mtoni, anajaza mtungi kwa kikombe cha bati. Akapiga magoti kando yake.

"Shosho, Mathenge anakuogopa?"

"Haniogopi. Ananiheshimu." Wachuka alimimina kikombe, akachota kingine. "Mimi ni mama mkwe wake. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe. Hawezi kusimama ananipumulia shingoni. Akiteleza anikanyage mguu, ni mbuzi wa faini, na watu watacheka mpaka siku ya kunizika."

"Lakini angeshika bega la mwanamke mwingine. Si lako."

"Mkono unashika bega, bega linashika bega, na mwisho wa hiyo kamba niko mimi."

"Sasa si ni Mathenge mmoja tu?"

Wachuka alicheka, kicheko kidogo kisicho na nguvu. "Nilizaa wasichana saba. Wavulana Mungu alinipita nao. Wote saba wameolewa hapa hapa. Kila mmoja mume wake yuko na ndugu, na ndugu wako na watu wa rika lao, na hao wote ni wakwe zangu. Watu walikuwa wananipongeza: Wachuka, wewe umezaa kijiji. Kumbe ni kweli. Nimezaa kijiji, na hakiwezi kusimama nyuma yangu."

"Ungemwambia chifu abadilishe. Warudie kupiga kelele."

"Chifu? Ndugu yake ndiye ameoa binti yangu Watiri. Hukumwona akihesabu mlolongo wetu huku anaangalia mlima?"

Benter alikumbuka. Siku ile alidhani chifu anatazama kama mvua itanyesha. Akacheka bila kutaka, na mtoto mgongoni akatikisika akaamka.

"Gathoni anasema umenunuliwa," alisema kisha. Aliona heri alitoe neno hilo kuliko lioze ndani yake.

"Nimesikia. Gathoni ni mtoto wa hapa, haya yote anayajua. Lakini amechoka, na hasira ya mtu aliyechoka haiendi mbali, inashika aliye karibu." Wachuka alifunga kifuniko cha mtungi, akakikaza kwa kiganja. "Sikujifunika kwa sababu nimekula kitu. Nilijifunika ili wale vijana wapate kupita. Ningewaita kwa majina, wangeweka wapi nyuso zao? Nikaona heri maji yangoje. Nimeyangoja toka kwa mzungu, ningengoja tena. Lakini sikujua nitaambiwa niwachotee na ng'ombe waogelee."

Alipachika kamba kwenye paji la uso, ikaingia bondeni mwake, akajaribu kuinuka na mtungi. Goti moja likakataa. Akakaa tena. Akajaribu mara ya pili. Benter akashika mtungi kwa chini akauinua, na mama mzee akasimama, anapumua kwa mdomo wazi.

"Ahsante." Hakuanza kutembea. "Mama Ajiambo. Wewe hapa Kiandege uko na mkwe?"

"Mimi? Sina hata shangazi."

"Umeoza binti?"

"Shosho, binti yangu hajaota jino."

"Ndiyo maana nauliza. Huyo Mathenge amekugonga bega. Nimesikia bila hata kugeuka."

Benter aliinama akaanza kujaza mtungi wake, haraka kuliko kawaida, maana alikuwa ameanza kuona njia hii inateremkia wapi. "Mimi si mtu wa hapa," alisema. "Na bwana yangu ni askari wa chifu. Amenikataza nisijiingize."

"Maji unakunywa ya wapi?"

"Ya hapa."

"Na josho likijengwa, mtungi wa nyumba yako utabebwa na nani? Wandera?"

Benter alimwona Wandera na mtungi kichwani na kofia ya serikali juu ya mtungi. Akazidi kuchota.

"Hotuba nitampa mwingine," Wachuka alisema. "Wanawake wako na midomo, wataita. Mwambie Wandera hutasema hata neno moja. Nataka mtu wa kusimama pale mbele ambaye kila mwanamume wa Kiandege anaweza kusimama nyuma yake bila kujificha. Ni bega tu naomba."

"Na wewe utakuwa wapi? Nyuma yangu?"

"Mimi nikiwa popote kwa ule mlolongo, watakimbia. Nikiwa pembeni naangalia, watakimbia. Sitakuja uwanjani kabisa." Alisema hivyo kwa ile sauti yake ndogo, kama anayesema leo hatapika maharagwe. "Nimetembea nyumba hizi zote kwa ajili ya maji, na siku ya maji nitakaa jikoni kwangu, nimefunga mlango. Wakiuliza, waambie kichwa kinaniuma. Si uongo."

Mto ulikuwa unapita. Juu yao, kwenye kilima, wanawake wengine walikuwa wanateremka, mitungi inagongana, na sauti ya Gathoni ilikuwa ndiyo inayotangulia. Benter alilitazama lile bonde kwenye paji la mama mzee, na ile kamba iliyolala ndani yake. Akajikuta anafikiria jinsi atakavyomwambia Wandera, na saa gani, kabla ya kula au baada ya kula.

"Na mtoto je?" aliuliza. "Watu wakishikana mabega, huyu mgongoni ataminywa."

Wachuka alilegeza kamba, akautua mtungi chini tena, mtungi uliokuwa umemshinda kuinua. Akageuka, akainama, mikono juu ya magoti, akampa Benter mgongo.

"Nifunge huyo mtoto hapa," alisema. "Mtungi nitaurudia. Wacha nipande naye leo, na kesho, na kesho kutwa, anizoee. Nisaidie asije akalia jikoni kwangu hiyo Ijumaa, sauti ikafika uwanjani, wakwe wakajua niko karibu."